Campbell Black: Rubani aliyeanza na ndege ya watu watatu

ABIRIA wanaopanda ndege ndogo katika Uwanja wa Wilson, Nairobi, hulitamka kila siku jina la mwanamke mlowezi, Bi Florence Kerr Wilson. Ni wachache wanaolijua jina la rubani aliyeshirikiana naye kuanzisha kampuni ya ndege mwaka 1929. Rubani huyo, Tom Campbell Black, alifariki dunia Septemba 1936 akiwa na umri wa miaka 36, na wakati huo magazeti ya Ulaya, Marekani na Australia yalimtaja kama mmoja wa marubani hodari zaidi duniani.

Hata hivyo, umaarufu huo ulikuwa na mwanzo wa kawaida kabisa. Mwaka 1928, kabla hajawa na kampuni wala mfadhili, Campbell Black alichanga fedha na wenzake wawili, Skinner na Hughes, wakanunua ndege moja iliyokwisha kutumika. Ndege hiyo ilikuwa imepewa jina la Miss Kenya.

Campbell Black alizaliwa Desemba 1899. Baba yake, Hugh Milner Black, aliwahi kuwa meya wa Brighton, mji ulioko pwani ya kusini mwa Uingereza. Vita vya kwanza vya dunia vilimkuta bado kijana, akajiunga na kikosi cha anga cha jeshi la majini, na baadaye akawa katika jeshi la anga la Uingereza lililoundwa mwaka 1918. Huko ndiko alikojifunza kazi iliyompa riziki na, hatimaye, kifo.

Vita vilipokwisha, serikali ya kikoloni ilianza kuwagawia askari wa Kizungu mashamba katika nyanda za juu za Kenya, na vijana wengi wa Kiingereza wakaja kutafuta maisha. Campbell Black na ndugu yake walilima Rongai, katika Bonde la Ufa. Kilimo hakikumtosheleza. Beryl Markham, ambaye baadaye alikuja kuwa mwanafunzi wake, alisimulia katika kitabu chake cha mwaka 1942 jinsi alivyokutana naye kwa mara ya kwanza karibu na Molo, akiwa ameharibikiwa na gari barabarani, na jinsi mazungumzo yao yalivyogeukia habari za ndege hata kabla gari halijapona.

Msomaji wa leo huenda akajiuliza ni nini kilichowafanya wakulima watamani chombo ghali na cha hatari namna hiyo. Jibu liko katika umbali. Chukua eneo la magharibi, kuanzia Lugulu na Bungoma hadi Kitale. Reli ya kwenda Kitale ilifika mwaka 1926. Aliyepanda gari la moshi kutoka huko kwenda Nairobi alilala njiani, na msimu wa mvua barabara za udongo wa Trans Nzoia ziligeuka matope yaliyomeza magurudumu ya gari hadi ekseli. Kwa mstari ulionyooka, kutoka Kitale hadi Nairobi ni kilomita 325 hivi. Ndege ya zama hizo, ikienda kilomita 140 kwa saa, ingeumaliza mwendo huo kwa muda usiofika saa tatu. Mgonjwa, barua au spea ya trekta vingefika siku hiyo hiyo.

Ni haki kusema pia kwamba faida hiyo haikuwa ya kila mtu. Wabukusu wa Lugulu na Kimilili walikwenda Trans Nzoia kuwa vibarua katika mashamba yaliyotengewa Wazungu, wakiwa wamevaa vipande shingoni. Waliiona ndege ikipita juu ya vichwa vyao, na baadhi yao walifyeka viwanja ilikotua. Kuimiliki, hata kwa sehemu ndogo, lilikuwa jambo lisilowezekana katika koloni ambalo ardhi yake bora iligawanywa kwa rangi ya ngozi. Historia ya marubani wa Kenya wa miaka hiyo ni historia ya walowezi, na Campbell Black alikuwa mmoja wao.

Hata miongoni mwa walowezi, si wengi waliokuwa na uwezo wa kununua ndege peke yao. Aliyeweza alikuwa John Carberry, bwana mkubwa kutoka Ireland aliyeuacha ulodi wake na kuweka makao Seremai, karibu na Nyeri. Mwaka 1925 Carberry aliingiza nchini, kwa meli hadi Mombasa, ndege ya aina ya DH.51 iliyoundwa na kampuni ya de Havilland. Ziliundwa tatu tu za aina hiyo. Ilikuwa na mabawa ya juu na ya chini, kiunzi chake cha mbao, ngozi yake ya kitambaa kilichopakwa dawa ya kukaza, na injini yenye nguvu za farasi 120. Ilibeba rubani na abiria wawili. Ndiyo iliyoitwa Miss Kenya, na sajili ya ndege ilipofunguliwa katika koloni mwaka 1928, ikawa ya kwanza kuandikwa humo.

Mwaka huo wa 1928 haukuwa mwema kwa nyumba ya Carberry. Mwezi Machi mkewe, Maia, ambaye naye alikuwa rubani, alianguka na ndege jijini Nairobi akiwa na mwanafunzi wake, na wote wawili wakafa. Miezi michache baadaye Miss Kenya ilipata wamiliki wapya: Campbell Black, Skinner na Hughes.

Mpango wa watu watatu kumiliki ndege moja una hesabu ambayo mwanachama yeyote wa chama cha akiba, au yeyote aliyewahi kununua matatu na wenzake, ataielewa haraka. Gharama za ndege ni za namna mbili. Kuna zile zinazodaiwa hata kama ndege haijatoka bandani: banda lenyewe, ukaguzi wa fundi, leseni, bima kwa aliyeweza kuipata, na kitambaa kinachooza kwa jua na mvua bila kujali kama kimeruka au hakikuruka. Halafu kuna zile zinazokuja na safari: mafuta, oili na uchakavu wa injini. Za kwanza hugawanywa sawasawa. Za pili hulipwa na aliyeruka. Kwa hiyo mtu mmoja anayeruka mara moja kwa wiki huubeba peke yake mzigo ambao watatu wangeubeba pamoja, na ndege yake hukaa bandani siku sita ikila fedha.

Ugumu hauko katika hesabu. Uko katika mambo yanayozuka baada ya hesabu. Nani aitumie Jumapili, siku ambayo wote watatu wanaitaka? Mmoja akivunja gurudumu wakati wa kutua, je, hilo ni kosa lake au ni uchakavu wa kawaida unaowahusu wote? Mmoja akitaka kutoka, wenzake watamlipa thamani ya mwaka walionunua au ya siku anayotoka? Na lililo zito kuliko yote: kila mbia hukabidhi uhai wake kwa mikono ya mwenzake. Aliyetua vibaya jana na kuficha ufa katika mguu wa ndege amemtegea mtego atakayeruka kesho. Katika Kenya ya 1928, ambako mafundi wa ndege walihesabika kwa vidole na spea zilitoka Uingereza kwa meli, uaminifu wa mbia ulikuwa na thamani kama ya injini.

Ubia huo haukuwa mwisho wa safari kwa Campbell Black. Alikuwa rubani aliyefunzwa na jeshi, mwenye utulivu na asiyependa ubishi na mawingu. Aliona kwamba koloni lilihitaji ndege za kukodi, zenye ratiba na karakana, wala si vyombo vya kujifurahisha siku za mapumziko tu. Alichokosa ni mtaji.

Mtaji huo aliupata kwa Bi Wilson. Mjane huyo alikuwa na fedha na, jambo lililokuwa adimu zaidi, alikuwa na moyo wa kuzihatarisha katika biashara ambayo wengi waliiona kama mchezo wa vijana. Mwaka 1929 kampuni ya Wilson Airways ilizaliwa. Bi Wilson alitoa fedha, Campbell Black akatoa ujuzi, akawa mkurugenzi mtendaji na rubani mkuu. Kazi ilianza na ndege moja ndogo aina ya Gipsy Moth, yenye nafasi ya rubani na abiria mmoja.

Huu nao ulikuwa ubia, ingawa wa namna nyingine. Ule wa Miss Kenya ulikuwa wa watu watatu waliochangia kitu kimoja ili kila mmoja wao akitumie. Huu wa pili ulimhusisha mtu mwenye fedha asiye rubani na rubani asiye na fedha. Ubia wa aina hii huvunjika upesi pale mwenye fedha anapoanza kumfundisha mwenye ujuzi kazi yake. Bi Wilson hakufanya hivyo. Kampuni ilikua, ikaongeza ndege na marubani, ikabeba barua, wagonjwa, watalii, wawindaji na maofisa wa serikali. Shirika la Imperial Airways lilipoanza safari za kutoka London hadi Mwanza mapema mwaka 1931, likipitia Kisumu, wakazi wa magharibi mwa Kenya walijikuta karibu na njia kuu ya anga kuliko wa Nairobi wenyewe, na ndege ndogo za Wilson zikapata kazi ya kuunganisha mji mkuu na njia hiyo.

Miaka hiyo ndiyo Campbell Black alipomfundisha Beryl Markham kurusha ndege. Beryl alikuwa amekulia Njoro kwa baba yake mfuga farasi wa mashindano. Alikuwa na ujasiri wa kutosha na zaidi. Mwalimu wake alimfunza kitu ambacho ujasiri haukileti, yaani kujua ni lini usiruke. Kwa simulizi ya Beryl, Campbell Black ndiye aliyemsihi aahirishe safari aliyoalikwa na Denys Finch Hatton Mei 1931. Finch Hatton aliondoka bila yeye. Ndege yake ilianguka Voi mnamo Mei 14, akafa yeye na mtumishi wake Mkikuyu, ambaye vitabu vingi vya walowezi vinamtaja kwa kifupi tu.

Mwaka huo huo Campbell Black alifanya tendo lililosimuliwa kwa muda mrefu. Ernst Udet, rubani wa Ujerumani aliyeangusha ndege 62 za maadui katika vita vya kwanza vya dunia, alikuwa amemaliza kupiga filamu Afrika Mashariki na yuko njiani kurudi kwao. Alikwama katika nyika za bonde la Mto Nile, kusini mwa Sudan, ambako maji ya kunywa ni ya shida na msaada uko mbali. Campbell Black alimtafuta kwa ndege, akamwona, akamwokoa. Miaka 13 tu nyuma, watu hao wawili walikuwa wamevaa sare za majeshi yaliyokuwa yakiuana angani.

Mwaka 1932 aliiacha Wilson Airways, akarudi Uingereza kuwa rubani binafsi wa Lord Furness, tajiri mwenye farasi wa mashindano. Kwa macho ya wengi hiyo ilikuwa ni kushuka cheo, kutoka ukurugenzi hadi udereva wa mtu mmoja. Lakini ilimweka karibu na viwanda vya ndege na karibu na watu wenye uwezo wa kulipia jambo kubwa zaidi.

Jambo hilo lilikuja mwaka 1934. Mji wa Melbourne uliadhimisha miaka 100 ya jimbo lake, na tajiri wa chokoleti, Macpherson Robertson, akatangaza zawadi ya pauni 10,000 kwa atakayewahi kufika huko kwa ndege kutoka Uingereza. Kampuni ya de Havilland iliunda ndege tatu maalumu kwa mashindano hayo, aina ya Comet, nyembamba, zenye injini mbili, viti viwili na matangi makubwa ya mafuta. Moja, iliyopakwa rangi nyekundu, ilinunuliwa na A. O. Edwards, mkurugenzi wa hoteli ya Grosvenor House ya London, naye akaipa jina la hoteli yake. Aliwachagua C. W. A. Scott na Campbell Black kuirusha.

Safari hii Campbell Black hakumiliki hata msumari wa ndege. Alichogawana na mwenzake kilikuwa usukani, usingizi na hofu. Scott alikuwa mtu wa hasira za karibu na maneno mengi, ambaye tayari alikuwa ameshikilia rekodi za safari kati ya Uingereza na Australia. Campbell Black alikuwa mpole, mwenye kuchora njia usiku na kuisoma ramani kwa mwanga hafifu. Ndege 20 ziliondoka Mildenhall alfajiri ya Oktoba 20. Mume na mke, Jim na Amy Mollison, walitangulia hadi Karachi, kisha wakakwama Allahabad. Grosvenor House ilifika Baghdad, ikapita Allahabad na Singapore, ikaingia katika bahari ya Timor usiku, kwenye dhoruba. Huko injini ya kushoto ilionyesha kupungukiwa na msukumo wa oili. Waliizima, wakavuka maji kwa injini moja hadi Darwin.

Walifika Melbourne Oktoba 23 baada ya saa 71. Safari ambayo meli iliichukua wiki kadhaa ilikuwa imefupishwa kuwa siku tatu pungufu ya saa moja. Vijiko vya sifa vilimwagika pande zote, ingawa Scott, kwa maumbile yake, ndiye aliyejaa zaidi katika picha.

Machi 1935 Campbell Black alimwoa mwigizaji mashuhuri wa London, Florence Desmond. Septemba mwaka huo alijaribu kuvunja rekodi ya safari ya kwenda Cape kwa Comet nyingine, iliyoitwa Boomerang, akiwa na J. H. G. McArthur. Walipofika juu ya Sudan, panga la injini liliharibika, wakalazimika kuruka kwa miavuli na kuiacha ndege ianguke jangwani. Wote wawili walinusurika.

Mwaka uliofuata yalitangazwa mashindano mengine, kutoka Portsmouth hadi Johannesburg, njia ambayo sehemu yake kubwa Campbell Black aliijua kama shamba lake. Mfanyabiashara wa Liverpool, John Moores, alimnunulia ndege ya Percival Mew Gull. Ilikuwa ndogo, yenye kasi, na kiti kimoja tu. Iliitwa Miss Liverpool.

Mapema Septemba 1936 mwanafunzi wake wa zamani, Beryl Markham, alivuka Atlantiki peke yake kutoka Uingereza hadi Nova Scotia, nchini Canada, kwa ndege aliyoazimwa na Carberry, yule yule aliyeileta Miss Kenya. Wiki mbili baadaye, Septemba 19, Campbell Black alikuwa katika uwanja wa Speke, Liverpool, akiiendesha Miss Liverpool polepole ardhini kuelekea mahali pa kupaa. Ndege ya kijeshi iliyokuwa ikitua haikumwona. Ilimgonga, na panga lake likapenya hadi alipoketi. Mtu aliyevuka dhoruba ya Timor kwa injini moja na kushuka kwa mwavuli katika jangwa la Sudan alifia kwenye nyasi za uwanja wa nyumbani, magurudumu yakiwa bado yanagusa ardhi.

Mashindano yaliendelea siku kumi baadaye. Ndege tisa ziliondoka Portsmouth na moja tu ikafika Johannesburg. Rubani wake alikuwa Scott, safari hii akiwa na mshirika mwingine.

Wilson Airways iliruka hadi vita vya pili vya dunia vilipozuka mwaka 1939, ndege na marubani wake wakachukuliwa na jeshi. Mwaka 1962 uwanja wake wa Nairobi West ukapewa jina la Bi Wilson. Miss Kenya ilipita katika mikono ya wamiliki kadhaa, ikavumilia vita na miaka ya kukaa bandani. Mwaka 1965 ilibebwa ndani ya tumbo la ndege ya jeshi la anga la Uingereza hadi huko ilikoundwa, ikakarabatiwa na kuruka tena mwaka 1973. Ni ya pekee iliyosalia kati ya zile tatu. Inatunzwa Old Warden, kaskazini mwa London, katika mkusanyiko wa ndege za kale wa Shuttleworth, na katika mkusanyiko huo huo imo Grosvenor House, nyekundu kama ilivyokuwa asubuhi ile ya Mildenhall.